Pepo Anayependwa na Trafiki

Mapema mwaka huu walimu wa shule moja ya hapa Migori waliniomba niwatungie fumbo la maneno la jarida lao. Sharti lilikuwa moja: vidokezo vitoke kwenye tamthilia. Darasa la kwanza kabisa la Gredi ya 10 lilikuwa limeingia Januari 2026, mtaala mpya, vitabu vipya, wazazi roho juu, na walimu wa Kiswahili walitaka kuwavuta watoto hao jukwaani kabla maabara hazijawameza. Mimi nimestaafu. Ng'ombe ninao wachache na muda ninao mwingi. Nikakubali.

Kidokezo kimoja kilisema hivi: Pepo wa Kinjeketile anayependwa na trafiki (5).

Niliambiwa kwamba kilijazwa kabla ya vyote. Darasa zima liliandika HONGO, wakacheka, wakaendelea na kingine. Baada ya siku chache mwalimu kijana wa fasihi akaja nyumbani na ile karatasi mkononi, na yeye hakuwa akicheka. "Mwalimu," akaniambia, "hakuna hata mmoja aliyesoma Kinjeketile. Hawajui kwamba Hongo ndiye pepo anayempanda yule mganga wa Maji Maji. Wanachojua ni askari wa barabara ya Isebania. Sasa hapo wamejifunza nini?" Alitaka kidokezo kiandikwe upya, kiulize tu: pepo katika tamthilia ya Ebrahim Hussein ya mwaka 1969. Aliyesoma ajaze, asiyesoma aache wazi.

Hoja yake ina uzito na sikuidharau. Lakini alichokitaka yeye ni swali la mtihani lililovishwa visanduku. Nilichokitunga mimi ni nyumba yenye milango miwili, mmoja wa maana na mwingine wa mchezo wa maneno, na wanaoingia kwa huu na kwa ule hukutana sebuleni. Mjuzi wa tamthilia anaingia kupitia kwa pepo. Abiria wa matatu anaingia kupitia kwa askari. Jibu ni lile lile, na hakuna aliyeiba. Ugomvi wetu ulinirudisha mahali nilipoijulia nyumba hiyo: Homa Bay, mwishoni mwa miaka ya 1970.

Homa Bay wakati huo ilikuwa makao makuu ya wilaya ya South Nyanza, wilaya iliyokuwa na ukubwa wa kukusanya Migori, Kuria, Mbita na Rusinga chini ya mkuu mmoja. Nilikaa kwa mjomba, ndugu ya mama, chini ya kilima cha Asego, ili niwe karibu na shule. Alifanya kazi gatini. Meli za shirika la reli zilipoingia kutoka Kisumu, yeye na wenzake ndio waliodaka kamba na kuzifunga, wakapakua mizigo, wakapakia mingine, wakazifungua tena.

Magazeti ya Nairobi yalifika mjini mwetu alasiri au jioni, na hayakutufikia sisi. Yalikwenda kwa DC, kwa hakimu, kwa daktari, kwa meneja wa benki. Sisi tuliyapata yakiwa yamekwisha kusomwa, mwenye duka alipoyanunua kwa kilo ili afungie sukari na omena. Kwa hiyo mafumbo ya gazeti la Kiingereza yalinijia yakiwa yamekunjwa kama pia, mengine yamechanika pembeni, mengine yananuka ziwa. Majibu yalichapishwa katika toleo la kesho yake, na toleo hilo pengine lilifungia sukari ya mtu wa Ndhiwa. Nilisoma shule yote ya sekondari bila kuona ukurasa wa majibu.

Leo naona hiyo ilikuwa bahati. Bila ukurasa wa majibu, kidokezo chenyewe ndicho shahidi pekee uliye naye. Jibu likiingia kwa mlango mmoja, unalala na shaka. Likiingia kwa yote miwili, unaweka kalamu chini na huhitaji mhariri akuthibitishie. Baadaye nilikuja kuona wenzangu, watu wazima wenye shahada, wakifungua ukurasa wa mwisho wa kitabu cha mafumbo kila baada ya dakika tano, na nikajua hawakulelewa na mwenye duka wetu.

Vidokezo vyenyewe vilikuwa vya Kiingereza kitupu: mito ya Uingereza, mchezo wa kriketi, vyeo vya kanisa lao, na Shakespeare bila kikomo. Iago, Lear, Ariel. Watungaji wanawapenda watu hawa kwa sababu ambayo haihusiani na sanaa hata kidogo. Majina yao ni mafupi na yamejaa irabu, na jedwali la Kiingereza daima lina njaa ya irabu. Iago amewaponza wengi katika tamthilia ila amewaokoa watungaji wa mafumbo wasiohesabika.

Jioni moja niliikunjua karatasi ya sukari nikakuta kidokezo ambacho, nikikisimulia kwa Kiswahili, kilikuwa kama hivi: mume wa Desdemona afungwe gatini, herufi nne. Msichana mmoja wa kidato cha juu alikuwa amenihadithia Othello kuanzia mwanzo hadi leso. Nikajua nimekipata. Nikahesabu: o-t-h-e-l-l-o, herufi saba. Hazikuingia. Nikajaribu kulikata jina, nikajaribu kulifupisha, wapi. Mjomba alikuwa ameketi akiosha miguu baada ya kazi. Akaniuliza tatizo ni nini, nikamsomea.

Desdemona hakumjua, wala hakutaka kumjua. Alishika lile neno la gati. "Okewo," akaniambia, yaani mpwa, "kufunga meli kwa Kiingereza si wanasema moor?" Manahodha walikuwa wakimpigia kelele neno hilo kila meli ilipokaribia. Akachukua penseli akaliandika mwenyewe. Nikataka kumpinga, nimwambie kwamba fumbo hili ni la Shakespeare, si la bandari. Kisha nikakumbuka jina kamili la ile tamthilia, ambalo linamtaja Othello kwa asili yake: Moor wa Venisi. Yeye aliingia kwa kamba, mimi nikaingia kwa mume, na tukatazamana juu ya visanduku vinne.

Mjomba wangu hakusoma Shakespeare hadi anaingia kaburini. Je, hakujifunza kitu jioni ile? Wiki hiyo hiyo aliniuliza huyo Moor alifanya nini hata aandikiwe kitabu. Nikamsimulia. Alinisimamisha mara kadhaa, akataka kujua Iago alilipwa kiasi gani, na nilipomwambia kwamba hakulipwa, alikataa kuamini. Alisema lazima kuna ukurasa niliouruka. Kuhusu leso alitoa hukumu yake: mwanamume anayeweza kumwua mke kwa sababu ya kitambaa asingepewa hata mtumbwi, sembuse meli za vita. Nimesoma uhakiki mwingi wa Othello baada ya hapo, na mwingine haufikii huo.

Shuleni tulikuwa na Macbeth. Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa Mganda, mmoja wa walimu wengi waliovuka kuja Kenya wakimkimbia Idi Amin, na alifundisha tamthilia ile kama mtu anayesoma barua kutoka nyumbani. Alipofika kwa wachawi watatu alipunguza mwendo. Macbeth anaambiwa kwamba hakuna aliyezaliwa na mwanamke atakayemdhuru, na kwamba hatashindwa mpaka msitu wa Birnam upande kilima cha Dunsinane. Anafurahi, kwa sababu misitu haitembei na kila mtu amezaliwa na mwanamke. Halafu askari wanakata matawi na kujificha nyuma yake, na msitu unatembea. Halafu Macduff anasema alitolewa tumboni kwa kisu. Mwalimu alituuliza: wachawi walidanganya? Tukajibu kwa pamoja, ndiyo. Akasema rudieni kusoma. Tuliporudia tukaona kwamba hawakudanganya hata neno moja. Macbeth alijidanganya mwenyewe, kwa kusikia maana ya kwanza na kuondoka nayo.

Miaka mingi baadaye nilikuta kanuni hiyo hiyo imeandikwa na mtungaji wa mafumbo. Fumbo la maneno la kisasa ni kitu cha juzi tu: Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, alichapisha la kwanza katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913, na lilikuwa la maswali ya kawaida tu. Waingereza ndio waliolitia ujanja. Mwaka 1926 Edward Powys Mathers alianza kutunga katika gazeti la The Observer akijiita Torquemada, jina la mtesaji wa Hispania, na wafumbuaji hawakuuliza kwa nini. Aliyefuata katika kuweka sheria za haki alikuwa mwalimu mkuu mmoja aitwaye Ritchie, aliyejificha nyuma ya jina Afrit, ambaye msomaji wa Kiswahili anamtambua mara moja kuwa ni afriti. Katika kitabu chake cha 1949 alieleza kwamba mtungaji halazimiki kukusudia anachokisema, lakini analazimika kukisema anachokikusudia. Soma tena polepole. Hiyo ndiyo kanuni ya wale wachawi, na imeandikwa na afriti.

Mganda wetu hakujua habari za Afrit, nadhani, lakini alikuwa mtungaji. Siku moja aliandika ubaoni kidokezo kimoja tu: mfalme wa Uskoti, herufi nne. Duncan ana sita. Macbeth ana saba, na Malcolm saba. Tukahangaika darasa zima, tukapekua orodha ya wahusika mpaka wa mwisho. Kengele ilipolia akageuka, akaandika AMIN, akalifuta papo hapo, akatoka. Wenye redio nyumbani walielewa: yule bwana wa Kampala alipenda kujiita mfalme wa Uskoti, na dunia ilikuwa ikicheka. Mwalimu wetu hakuwa akicheka. Kampala ilipoanguka Aprili 1979 alitufundisha vipindi vyake vyote kama kawaida, akamaliza kitabu, na muhula uliofuata hakurudi.

Tangu hapo sijaweza kuwaelewa wanaosema kwamba mchezo wa maneno ni mzaha wa kando, pilipili tu juu ya chakula halisi cha tamthilia. Katika Juliasi Kaizari mtu wa kwanza anayewachokoza wakubwa ni fundi viatu, na silaha yake ni maneno mawili ya Kiingereza yanayotamkwa sawa, la soli na la roho. Wenye mamlaka wanamwuliza kazi yake, naye anawajibu ukweli mtupu na wanashindwa kumwelewa. Katika Mabepari wa Venisi, Portia anaposwa kwa kitendawili cha visanduku vitatu, dhahabu, fedha na risasi. Oedipus wa Sophocles, ambaye S. S. Mushi alimleta kwetu mwaka 1971 kama Mfalme Edipode, alipata ufalme kwa kufumbua kitendawili cha kiumbe chenye miguu minne asubuhi, miwili mchana na mitatu jioni. Akajua jibu ni mtu. Kilichomshinda ni kujua mtu huyo ni yeye.

Nilianza kufundisha Migori wakati 8-4-4 inaingia, mwaka 1985. Kiswahili kilichokuwa somo la hiari kikawa cha lazima na cha kutahiniwa, na watu kama mimi tuliosomea Kiingereza zaidi tukajikuta tunafundisha ngeli. Vitabu havikutosha. Nilianza kuchora mafumbo ubaoni ili kujaza pengo hilo, na ndipo nilipogundua kwamba fumbo la Kiswahili lina tabia yake.

Kupishanisha maneno ni rahisi mno. Konsonanti, irabu, konsonanti, irabu: karibu kila neno linaingia ndani ya lingine bila kusukumwa. Mtungaji wa Kiingereza angelia kwa wivu. Lakini urahisi huo una gharama, maana herufi zinazopishana hazimsaidii mfumbuaji. Mwachie A ya pili na A ya nne, naye ana baba, kaka, dada, mama, paka, saga, taka, zana, na nusu ya kamusi. Kwa Kiingereza jedwali lenyewe hukubeba ukichoka. Kwa Kiswahili jedwali halikubebi. Kidokezo ndicho kinachobeba mzigo wote, na kikiwa na mlango mmoja tu, ambao ufunguo wake uko mikononi mwa aliyenunua kitabu, basi darasa lenye vitabu vichache limefungiwa nje. Kisha kuna suala la vitenzi, kama uviandike na ku- au bila ku-, ambalo liliwahi kututenganisha mimi na mwenzangu mmoja wa idarani kwa muhula mzima. Sitaligusa.

Mwanzoni mwa 1987 nchi nzima ilikuwa mahakamani. Wakili S. M. Otieno alikuwa amefariki tarehe 20 Desemba 1986, na mjane wake, Wambui Otieno, alitaka kumzika Matasia, karibu na Ngong, huku ukoo wa Umira Kager ukitaka azikwe Nyalgunga, Siaya. Kesi ilikwenda hadi Mahakama ya Rufaa. Mei 1987 ukoo ukashinda, na tarehe 23 mwezi huo akazikwa Nyalgunga. Miezi hiyo mitano chumba chetu cha walimu kiligawanyika. Kuna waliosema mila haina rufaa, kuna waliosema ndoa haina ukoo, na kuna waliogundua kwa mara ya kwanza kwamba mwenzao wa meza ya pili ana mke wa kabila lingine. Marehemu mwenyewe, ilielezwa, alikuwa mpenzi wa Shakespeare.

Sikuthubutu kuzungumzia kesi ile darasani. Wazazi wangekuja. Badala yake nikawasimulia Antigone: mfalme Kreon amekataza mwili wa Polynices usizikwe, na dada yake anaamua kwamba kuna sheria iliyo juu ya mfalme. Kisha nikaandika ubaoni: Alichokatazwa Antigone: kazi iliyovurugika (4). Waliosikiliza hadithi walijua ni kuhusu kuzika. Waliokuwa wamesinzia walichukua k-a-z-i wakazichanganya. ZIKA. Kijana mmoja wa nyuma akauliza, bila kunyoosha mkono, kama hiyo ni ya Ugiriki au ni ya Nairobi. Nikamwambia ahesabu herufi.

Mwaka uliofuata, 1988, Ebrahim Hussein akatoa Kwenye Ukingo wa Thim. Mtu wa pwani ya kusini ya Tanzania, mwandishi wa Kinjeketile na Mashetani, alikuwa ameichukua kesi ile ya mazishi akaifanya tamthilia, na kwenye jalada akaweka neno la Kijaluo bila kuliombea radhi. Nakala ilipotufikia Migori nilihisi kama nimeandikiwa mimi. Hatuko mbali na Thimlich Ohinga, ngome ya mawe yaliyopangwa bila udongo wala saruji, ambayo mwaka 2018 UNESCO iliitambua kuwa urithi wa dunia. Thim kwetu ni pori linaloanza pale shamba linapoishia.

Nikaitungia kidokezo, na nakiri kwamba ndicho ninachokipenda kuliko vyote nilivyowahi kutunga: Pori la Waluo limejificha katika Makbeth imara (4). Makbeth ndivyo Mushi alivyoliandika jina katika tafsiri yake ya 1968. Toa mkono wa kushoto, toa wa kulia, katikati ya maneno hayo mawili imo THIM, na msitu umejificha ndani ya tamthilia ambayo wenye kujificha ni askari ndani ya msitu. Ilinichukua muda mrefu kuamini kwamba herufi zimekubali zenyewe.

Darasa langu lilikuwa kama Migori yenyewe ilivyo: Waluo wengi, Wakuria, Wasuba, Wakisii wachache, na watoto wa wafanyabiashara Wasomali. Wavulana wa Kijaluo waliona neno "pori" wakaandika mara moja, bila hata kutazama kidokezo kinaishia wapi. Msichana Mkuria aliyekaa dirishani hakujua neno hilo. Alikisoma kidokezo kwa kidole, herufi moja moja, mpaka kidole kikasimama. Akaja mezani kuniuliza kama kuna neno linaloandikwa hivi. Nikamwambia awaulize wale wavulana. Wakabaki wakimtazama, maana yeye alikuwa ameona kitu ambacho wao, wenye neno, hawakukiona.

Hapo ndipo nilipoacha kuyaona mafumbo kama mchezo wa kujaza muda. Waluo tuna pakruok: muziki unanoga, mtu anatoa pesa, mwanamuziki ananyamaza, naye anajisifu kwa mafumbo yanayojulikana na waliokulia kwao. Ni sanaa ya hali ya juu, na mimi naipenda, lakini ni ya mlango mmoja. Mgeni anasikia watu wakishangilia na hajui wameshangilia nini. Kwenye sherehe hilo halina neno. Darasani lina neno, tena kubwa, kwa sababu mgeni huyo naye amelipa karo.

Na vitabu vya lazima vinatufanya sote kuwa wageni wa wenzetu. Niko ndani ya matatu kati ya Rongo na Homa Bay, nikijaribu mafumbo yangu kwa majirani kabla ya kuyapeleka popote, na umri wa mtu naujua kwa kidokezo anachokirukia. Nikisema Julius aliyemfundisha Julius Kiswahili, herufi saba, wazee wenzangu wanajibu NYERERE kabla sijafunga mdomo. Alimtafsiri Kaizari mara ya kwanza mwaka 1963 na akarudi kumsahihisha 1969. Nikisema Fanya unga, ongeza kiungo kipigacho, ufike kwa Majoka (8), wazee wanakodoa macho, ila kijana aliyesoma Kigogo ya Pauline Kea anasema SAGAMOYO na kutazama simu yake. Kati yao wamo wa Kifo Kisimani ya Kithaka wa Mberia, wanaokumbuka Mtemi Bokono kama watu wanavyomkumbuka chifu aliyewasumbua. Kila miaka michache vitabu hubadilishwa, na kila mara kundi jipya linapewa ufunguo ambao hauingii kwenye kufuli la ndugu zao wakubwa.

Ndiyo maana Timothy Arege ananifurahisha. Katika Mstahiki Meya alimwita meya Sosi, na daktari akamwita Siki. Nilimtega kondakta mmoja: Meya anayemiminwa juu ya chipsi (4). Akajibu SOSI bila kuacha kuhesabu chenji. Abiria wa kiti cha mbele, ambaye kumbe aliifanyia mtihani tamthilia hiyo, akageuka akaanza kumsimulia jinsi meya huyo alivyoiharibu Cheneo, wafanyakazi kukosa mishahara, madiwani kupongezana. Kondakta akasema huyo meya anamjua, alimpigia kura. Tulifika Rodi Kopany wakibishana.

Simu sitaisema sana. Unaandika kidokezo, inakupa jibu, na kisanduku kimejaa. Sioni dhambi hapo. Naona tu kwamba hakuna mlango uliofunguliwa.

Nilimpa kijana wangu wa fasihi nakala yangu ya Kinjeketile, kwa sababu kumbe shule haikuwa nayo. Akaniletea habari kwamba wale walioandika HONGO kwa ajili ya trafiki sasa wanagombania kitabu, wanataka kuona huyo pepo anahongwa na nani. Hakusema kwamba nilikuwa sahihi. Alisema jambo lingine, zuri zaidi: kwamba ukimsikiliza Kinjeketile akihangaika na maneno yaliyomtoka mwenyewe alipopandwa, ile ahadi kwamba watu wake watakuwa watoto wa Seyyid Said, unaona ni mtu aliyepewa kidokezo na hakujua kina milango mingapi. Hilo sikuwa nimeliona. Alikuwa amelifikia kwa kusoma tu, kwa mlango wake yeye.

Wiki chache baadaye nilialikwa Homa Bay na kikundi cha wanafunzi waliotaka kutunga badala ya kufumbua. Waliniletea vidokezo vyao kwenye karatasi za daftari. Vingi vilikuwa maswali. Kimoja kilinichekesha: mji unaotazamana na Rusinga umo ndani ya kambi tatu, nacho ni halali kabisa, MBITA. Kimoja kilinifanya niketi. Msichana mmoja alikuwa ameandika: Kaizari aliiugua Hispania, sisi tunaijenga ghubani (4).

HOMA. Nikamwuliza habari za Hispania amezitoa wapi, maana si jambo la kukisia. Katika tamthilia ni Kasio anayelisema, mwanzoni kabisa, kwa wivu, akimsimulia Bruto jinsi mtu huyu wanayemfanya mungu alivyotetemeka kwa homa na kuomba kinywaji. Alijibu kwamba alianza na neno la mji wake, akataka kulitafutia tamthilia yenye mgonjwa, na dada yake mkubwa akamwazima Juliasi Kaizari.

Nikamwuliza kama amekimaliza kitabu.

"Bado, Mwalimu," akasema. "Nimefika pale wanapomwua. Sasa sielewi, mbona kurasa bado ni nyingi hivyo?"